Firigisi ya Jogoo

Mimi ni mtu wa ng'ombe. Nilisomea ng'ombe, nikaajiriwa kwa ajili ya ng'ombe, na serikali ilinipa baiskeli ili nifike kwenye majosho, si ili nizunguke nyuma ya majiko ya watu nikitazama kuku waliolegea mabawa. Nilikuwa nikiyasema hayo kwa sauti, peke yangu, nikiikokota baiskeli hiyo kupanda kilima cha mwisho kabla ya kijiji kimoja cha Ujamaa kilichoko njia ya Mwazye. Ulikuwa mwezi wa sita mwaka wa sabini na nane, na upepo wa Ufipa mwezi huo hauna adabu, unaingia ndani ya koti bila hodi. Aliyeniita alikuwa Luciana, na alikuwa ameniita tena na tena mpaka katibu wa kijiji akachoka kubeba ujumbe.

Luciana alikuwa mke wa Zenon, fundi wa vyuma. Walikuwa na mtoto mmoja, Kalista, kwa hiyo mbele ya watu aliitwa Mama Kalista, lakini akigeuka tu walimwita Mama Kwa Nini. Hakuwa mbishi. Ila hakuweza kupokea jambo bila kuligeuza aone upande wa pili. Katika darasa la elimu ya watu wazima alimuuliza mwalimu kwa nini maji ya Ziwa Rukwa yana chumvi na ya Tanganyika ni matamu, ilhali mvua inayonyesha juu ya yote mawili ni ile ile. Mwalimu akatazama jua, akasema kipindi kimekwisha. Hayo nilisimuliwa na mwalimu mwenyewe, naye alicheka, lakini si sana.

Nilimkuta nyuma ya nyumba, ameketi kwenye kigoda, tetea mweupe mapajani. Kuku yule alikuwa hai bado, lakini shingo imelegea na mabawa yananing'inia.

"Mdondo huo," nikasema, hata baiskeli sijaiegesha.

"Karibu, Bwana Mifugo. Habari za njia?"

Ikabidi nirudi nyuma nianze na salamu. Sisi watu wa Tukuyu tunasifika kwa haraka, na Wafipa kwa kutojali haraka ya mtu. Tuliulizana habari za nyumbani, za mashamba, za baridi. Zilipokwisha akauliza, taratibu kabisa, "Huo mdondo, Bwana Mifugo, ukiingia kwenye banda huwa unachagua?"

"Unachagua nini?"

"Majike na madume."

Nikamwambia mdondo hauchagui, unafagia banda zima. Akanyoosha kidevu kuelekea uani. Majogoo walikuwa wanaparura pale, wanene, manyoya yanang'aa, na mmoja akawika kana kwamba ametajwa. Pamoja nao alikuwapo tetea mzee aliyeacha kutaga zamani, mzima wa afya. Kwenye tenga kulikuwa na mwingine mchanga ambaye hajaanza kutaga, naye mzima.

"Wanaokufa ni wanaotaga tu," akasema Luciana. "Tangu tuhamie kijiji hiki. Tetea akianza tu kutaga, ganda la yai linakuwa laini, halafu miguu inamwishia. Jogoo anakula chakula hicho hicho, ua huo huo. Kwa nini?"

Nikamwambia nitalifikiria, ambalo ndilo jibu la watumishi wote wa serikali. Aliposimama kumpeleka yule kuku kivulini, ndipo nikaona kwamba ana mimba. Jicho langu limezoea kuona hayo kwa ng'ombe, nikatazama pembeni kwa aibu.

"Ya miezi minne," akasema mtu nyuma yangu. "Na huyu naye tutamzika?"

Alikuwa mama mkwe wake, Bibi Bertilla, amesimama kwenye kizingiti amejifunika blanketi. Nikampa shikamoo yake. Akaipokea, akaendelea na yake, na kwa dakika chache hizo nikajua jambo zima lilivyo. Kalista alizaliwa vizuri kule walikokaa zamani. Tangu wahamie kijijini, Luciana alikuwa amepoteza mimba mbili, ya pili ikiwa imeshakua kiasi cha kupewa jina. Ndugu wa Zenon walikuwa wameshakaa kikao. Hii ya sasa ikitoka, Luciana angerudishwa kwao Ilemba, bondeni, na Zenon angetafutiwa mwingine. Bibi Bertilla aliyasema hayo mbele ya mkwewe bila kupunguza sauti, wala hakuyasema kwa ukatili. Alikuwa analia.

"Ilungu limekasirika," akasema.

Hapo inabidi nieleze, maana na mimi ilibidi nielezwe. Ilungu ni tanuru la zamani la kuyeyushia chuma, refu kuliko mtu, linalojengwa kwa udongo wa kichuguu. Babu zake Zenon walikuwa wayeyushaji. Kazi hiyo ilikuwa na miiko yake: ilifanyika mbali na nyumba, ng'ambo ya kijito, na wakati wa kuyeyusha fundi hakurudi kulala kwa mkewe. Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa hakusogea pale kabisa. Majembe ya dukani yaliua kazi hiyo muda mrefu kabla Zenon hajazaliwa, lakini ukoo haukuacha kushika moto. Baba yake alifua visu, na Zenon mwenyewe alikuwa akiyeyusha risasi, ile metali laini ya kijivu iliyomo ndani ya betri kuukuu za magari. Betri hizo alizipata mjini Sumbawanga kwa Uledi, mfanyabiashara mwenye malori, naye Uledi alizichukua tena zikiwa vipande vya kuzamishia nyavu, akaviuza kwa wavuvi wa Kipili. Biashara halali, na nyavu za Kipili zilizama vizuri.

Mpaka mwaka wa sabini na nne, Zenon alikuwa akiyeyushia kule kule kwenye magofu ya ilungu, kwa sababu ndipo baba yake alipofanyia. Ikaja operesheni ya vijiji. Watu wakatolewa kwenye makazi yao ya zamani, yakabaki mahame, wakapangwa kwa mistari barabarani, kila mtu na kiwanja chake. Aliyeonekana akirudirudi kwenye hame lake alihesabiwa kuwa anapinga kijiji. Basi Zenon akajenga tanuru dogo nyuma ya jiko la mkewe. Udongo wa kulijengea aliubeba kutoka kwenye magofu ya ilungu, maana umeshazoea moto na haupasuki.

"Kaleta ilungu mlangoni kwa mwanamke anayezaa," akasema Bibi Bertilla. "Nani amewahi kuona hilo?"

"Sawa, mama," akasema Luciana, akiwa bado amempakata kuku. "Ilungu linanichukia mimi. Lakini kuku wamelikosea nini?"

Bibi Bertilla akaingia ndani. Kusema kweli swali lile lilinifurahisha kuliko ilivyonipasa, katika nyumba yenye huzuni.

Zenon alirudi, mtu mpole mwenye mikono mikubwa, akaona mgeni, akaenda moja kwa moja kumkamata jogoo. Nikakataa kwa namna ambayo mtu hukataa kuku, yaani hafifu. "Mgeni njoo mwenyeji apone," akasema, akacheka, kisha akashika tumbo na kuinama kidogo. Nikamuuliza. Akasema ni tumbo la kusokota tu, mafundi wote wanalo, hata baba yake alikuwa nalo.

Kwao kama kwetu, firigisi ni ya mgeni au ya mwenye nyumba. Mwanamke haili. Mimi naipenda firigisi kupita kiasi, na katika nyumba ile nilikuwa nimeshaila zaidi ya mara moja, nikipita kwenda joshoni. Siku ile nilisubiri huku nimeshaanza kumeza mate. Luciana akatoka jikoni na sahani, lakini firigisi ilikuwa mbichi, imepasuliwa katikati. Akaiweka mbele yangu.

"Tazama, Bwana Mifugo. Ndiyo chakula cha jogoo mzima."

Ndani ya firigisi, katikati ya changarawe na punje za mahindi, kulikuwa na vitone vya kijivu vilivyosuguliwa mpaka vikang'aa. Nikakikwaruza kimoja kwa ukucha. Kikaacha alama. Kuku hana meno. Humeza vijiwe ili firigisi isage chakula, na kwenye ua wa Zenon vijiwe vizuri kuliko vyote, vizito na laini, vilikuwa matone ya risasi yaliyodondoka kutoka kwenye kalibu ya kumiminia vipande vya nyavu.

Nikaona nimepata jibu, nikaanza kuhutubia kama niko chuoni. Nikamweleza kwamba risasi ni sumu, kwamba kuku wake hawafi kwa mdondo wala kwa ilungu. Akanisikiliza hadi mwisho, kichwa ameinamisha upande mmoja.

"Basi kwa nini jogoo hakufa?"

Nikaigeuza firigisi, nikaanza kuhesabu matone.

Tetea mweupe alikufa kabla nyama haijaiva. Nikampasua mwenyewe pale uani, Luciana akishika miguu. Firigisi yake ilikuwa na matone yale yale, tena machache kuliko ya jogoo. Nikavunja mfupa wa paja nione. Ndani, mahali ambapo mfupa wa jogoo huwa wazi, ulikuwa umejaa kitu kama unga wa chokaa uliogandamana. Hilo nililijua. Nikamwambia kwamba tetea akitaka kutaga, mwili wake hujiwekea ghala la chokaa ndani ya mifupa, ili apate ya kutengenezea ganda la yai.

"Nani anamwambia aweke?"

"Homoni," nikasema. "Ni dawa inayotengenezwa na mwili wenyewe, inapita kwenye damu ikitoa amri. Majike wana zao. Chuoni tulifundishwa kwamba hata jogoo akidungwa homoni za jike, mifupa yake inajaa chokaa hivi hivi, ingawa hatataga milele."

Luciana akaliangalia lile ghala jeupe ndani ya mfupa wa paja.

"Hiyo chokaa anaitoa wapi?"

"Kwenye chakula. Utumbo wake unachukua chokaa nyingi kuliko utumbo wa jogoo."

"Unachukua chokaa tu?"

Naapa sikuwahi kujiuliza hilo. Nilikuwa na cheti na sikujiuliza, naye hakuwa nacho na akajiuliza. Jibu lilikuwepo pale uani, tulilihisi. Luciana akanawa mikono, akaufuta uso. Halafu akaweka kiganja juu ya tumbo lake na kusema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mimi siwezi kuwa jogoo, Bwana Mifugo."

Nikamuuliza kama yeye anaigusa risasi. Akasema haigusi, anauheshimu mwiko. Nikauliza anakula nini. Zamani kule hame walikula ugali wa ulezi na maziwa. Hapa kijijini shamba la pamoja lilikuwa la mahindi, kwa hiyo ni sembe na maharage. Maziwa hakuna, ng'ombe wako mbali. Nikauliza kama kuna kingine. Akacheka kwa aibu, maana hilo wanawake hawaulizwi na mwanamume.

"Na udongo," akasema. "Kama mwenye mimba yeyote."

"Udongo wa wapi?"

Akatazama tanuru la mumewe. Udongo mzuri wa kula ni wa kichuguu, ulioiva kwa moto, wenye harufu ya mvua ya kwanza. Alikuwa akibandua vipande kwenye ukingo wa tanuru kila jioni, tangu mimba ya kwanza iliyoharibika. Kila mama mjamzito wa Ufipa anautafuta udongo wa namna hiyo. Ila yeye peke yake alikuwa nao hatua chache kutoka jikoni, umeloweshwa moshi wa risasi.

Siku ile niliishia kula maneno. Nyama ilipoletwa niliisukuma pembeni, nikaanza kuhesabu firigisi nilizokula katika nyumba ile, nikaona afadhali nisihesabu.

Lori la Uledi lilipopita kuchukua mzigo, tulipanda wote: Luciana mbele, mimi na Zenon nyuma juu ya magunia. Kwenye hospitali ya mjini nilimfahamu daktari mmoja, Zubery, kijana wa familia ya wenye maduka, mkali wa karata na mpole kwa wagonjwa. Nilimwambia nimeleta kesi ya kuku. Akasema jogoo wa shamba hawiki mjini, nikae nje. Nikaingia.

Alimfungua Luciana macho, akaona weupe wa kukosa damu. Akamwambia acheke. Kwenye ukingo wa fizi, chini ya meno, kulikuwa na mstari mwembamba wa rangi ya majivu ya bluu. Akatazama sana. Kisha akamwita Zenon, akamwambia naye acheke. Mstari ulikuwepo, tena mpana zaidi.

"Wote mnayo hiyo risasi," akasema. "Mwanamume asijione amepona. Hilo tumbo lako la kusokota ndilo hilo hilo."

"Mbona yeye ana zaidi yangu, na mimi ndiye naumia?" akauliza Luciana.

Zubery alipenda kuulizwa. Alivuta kiti, akakaa karibu nao, nami kwa mara ya kwanza nikamwona akieleza bila kuangalia saa. Alisema mwili wa mwenye mimba hujaa homoni za uzazi kuliko wakati wowote mwingine. Homoni hizo, pamoja na mabadiliko mengine, huuamrisha utumbo ufungue milango: chokaa zaidi kwa ajili ya mifupa ya mtoto, chuma zaidi kwa ajili ya damu yake. Chakula kile kile, lakini utumbo unachota maradufu. Na mlangoni pale, risasi ikifika, inafanana na chokaa kiasi cha kumdanganya bawabu. Inapita.

"Na kama chakula chenyewe hakina chokaa wala chuma cha kutosha," akasema, "utumbo unakuwa kama mtu mwenye njaa gizani. Unashika chochote."

"Ulezi unayo hiyo chokaa?"

"Ulezi unayo nyingi. Sembe haina kitu. Maziwa yanayo, na dagaa wakiliwa na mifupa yao."

"Na akishaingia, huyo risasi, anakwenda wapi?"

"Mifupani, pamoja na chokaa. Kama kwa kuku wako. Halafu mtoto anapohitaji mifupa, mama anatoa kwenye ghala lake, chokaa na risasi pamoja, na mtoto anapokea vyote."

Zenon aliinamisha kichwa akaitazama mikono yake. Mkewe akaendelea kuuliza.

"Kwa hiyo wale wawili hawakuchukuliwa na mtu. Walipewa sumu. Na mimi mwenyewe."

Zubery hakusema ndiyo. Alisema hakuna maabara hapa ya kupima risasi kwenye damu, kwamba anasema kwa macho na kwa kukisia, na kwamba mimba huharibika kwa mambo mengi. Alisema pia kuwa wakubwa wa elimu yake wenyewe bado wanalitafuta jambo hili. Lakini udongo uachwe leo. Tanuru liondoke leo. Ale ulezi, anywe maziwa, ameze vidonge vya damu. "Iliyomo mifupani siwezi kuitoa. Naweza tu kuwaomba msiongeze. Mtoto simwahidi mtu."

Nilitegemea Luciana angelia. Alipotoka nje alisimama juani, akasema, "Angalau sasa najua nagombana na nani." Nilimpenda sana siku ile, kama mtu anavyompenda dada.

Kuondoa tanuru kulikuwa na ugumu wake. Mahali pekee pa kulipeleka palikuwa kule kwenye magofu ng'ambo ya kijito, na mwenyekiti wa kijiji akakataa. Hakuwa mtu mbaya. Alisema akimruhusu mmoja kurudi hame, kesho watarudi wote, na keshokutwa mkuu wa wilaya atamuuliza kijiji kiko wapi. Nikamweleza habari za mimba. Akasema ni jambo la kusikitisha, nilipeleke kwenye kamati. Nikamweleza habari za utumbo na bawabu wake. Akapiga miayo.

Nilitoka pale nimechemka. Mimi hasira zangu ziko karibu, si za kutafutwa. Nilifika mpaka kwenye baiskeli ndipo nikakumbuka mimi ni nani. Kwa ajili ya mama mwenye mimba sikuwa na sheria hata moja mfukoni. Kwa ajili ya kuku nilikuwa nayo.

Nikarudi. Nikavua kofia, nikaivaa tena kiserikali, nikamtangazia mwenyekiti kwamba ua wa Zenon uko chini ya karantini ya mifugo kwa sababu ya vifo vya kuku, kwamba chanzo ni tanuru, kwamba tanuru livunjwe na udongo wake, hata wa juu wa uani, uchimbwe na kufukiwa mbali na makazi, na kwamba kazi ile isifanyike tena ndani ya kijiji. Nikafunga kitambaa chekundu kwenye mti wa uzio. Mwenyekiti alisimama wima.

"Sasa hayo ungeyasema tangu mwanzo," akasema. "Ugonjwa wa kuku si mchezo."

Tanuru lilihamishwa na kijiji kizima. Bibi Bertilla alikaa kwenye kizingiti akiangalia udongo wa ilungu ukibebwa kurudi kwao, na sijamwona mtu aliyeridhika vile. Nilijaribu kumweleza kwamba si mizimu, ni homoni. Alinisikiliza kwa heshima.

"Lakini mnalipeleka kule kule ng'ambo," akasema.

"Ndiyo, bibi."

"Na Zenon asirudi na nguo za kazi nyumbani."

"Ndiyo. Azivue kule, aoge."

"Na mwanamke anayezaa asisogee."

"Asisogee kabisa."

"Haya," akasema, akajifunika blanketi vizuri. Kikao cha kumrudisha Luciana Ilemba hakikutajwa tena, walau si mbele yangu, lakini hakikufutwa pia. Kilikuwa kinasubiri mtoto.

Miezi iliyofuata nilipata kazi nyingi ajabu upande ule wa Mwazye. Ng'ombe wengine hawakuwa wagonjwa kabisa. Nilimkuta Luciana akisaga ulezi ambao Bibi Bertilla mwenyewe aliufuata kwa ndugu zake, akila dagaa wa Kipili na vichwa vyao. Uledi alimletea maziwa kila lori lilipopita, maana mkewe Kulsumu alisema betri zilitoka kwao, na dhamira ina meno. Kilichomtesa ni udongo. Alisema mvua za kwanza ziliponyesha mwezi wa kumi na moja, harufu ilipopanda, alikaa ndani na kuuma ncha ya kanga yake mpaka ikapita.

"Nimeogopa, Bwana Mifugo," akaniambia siku moja, bila mimi kumuuliza. "Akicheza tumboni nafurahi, halafu nawaza anatoa nini ghalani leo."

Nikamwambia matetea wawili wameanza kutaga. Akasema ameshaona. Ganda lilikuwa gumu.

Mtoto alizaliwa mwezi huo huo wa kumi na moja, mwishoni, mdogo kuliko inavyotakiwa, lakini analia kwa nguvu za watu wazima. Wa kiume. Luciana akamwita Nikodemo, kwa kumkumbuka yule mzee wa Injili aliyemwendea Bwana akiwa na maswali badala ya sadaka. Bibi Bertilla ndiye aliyembeba kutoka chumbani, akapita naye mbele ya ndugu wa Zenon mmoja mmoja, awaonyeshe. Hakuna aliyezungumzia kikao.

Siku ya ubatizo alichinjwa jogoo. Luciana akatoka na sahani, firigisi mbichi imepasuliwa katikati, akaiweka mbele yangu mbele ya wageni wote. Ndani kulikuwa na changarawe na makapi ya mahindi, basi. Nikasema ikapikwe upesi.

Mwezi wa nne mwaka uliofuata nilipanda nao lori kwenda mjini kumwonyesha mtoto kwa Zubery. Akamgeuzageuza, akamsikiliza, akasema tutamwangalia akikua, lakini kwa sasa hana la kulalamika. Kisha akamwambia Luciana acheke. Mstari kwenye fizi ulikuwa umefifia.

"Iliyobaki iko wapi?" akauliza Luciana.

"Mifupani. Itakaa miaka mingi. Homoni zako zinaisaidia mifupa kujishikilia." Akamrudishia mtoto. "Ukifika umri wa kukoma hedhi zitapungua, mifupa italegea kidogo, na nadhani ile ya zamani inaweza kuanza kutoka tena. Hilo sikulisoma popote, nakisia tu."

Luciana aliligeuza jambo hilo kichwani, nikaona kabisa anaangalia upande wake wa pili.

"Wakati huo sitabeba mtoto tena."

"Hutabeba."

"Basi ikitoka itanikuta humo ndani peke yangu," akasema, na uso wake ulikuwa umetulia kuliko nilivyowahi kuuona. Akamfunga Nikodemo mgongoni, akakaza kanga, akaniuliza kama lori la Uledi limeshaondoka.